Shoka, chokaa na risasi: Notre-Dame ilivyosimamishwa tena

Jioni ya 15 Aprili 2019, muda mfupi baada ya saa 12, king'ora cha moto kililia ndani ya Kanisa Kuu la Notre-Dame mjini Paris. Waliotumwa kukagua walianzia kwenye dari lisilo lenyewe, na walipofika mahali hasa, moto ulikuwa umeshakolea. Kabla ya saa 2 usiku, mnara mwembamba wa katikati, ambao Wafaransa wanauita mshale, ulikatika kiunoni na kuanguka ndani ya kanisa mbele ya macho ya dunia nzima. Ulikuwa na mita 96 kutoka ardhini, na ndani yake tani 500 hivi za mbao za mwaloni na tani 250 za madini ya risasi. Kulipokucha, paa lote lilikuwa limekwenda.

Lakini kuta zilibaki. Minara miwili ya mbele ilibaki, kinanda kikubwa chenye mabomba kama 8,000 kikabaki, na madirisha matatu makubwa ya duara nayo yakasalimika. Miaka mitano na miezi kadhaa baadaye, Desemba 2024, milango ilifunguliwa tena na vyombo vya habari vikatangaza kwamba kanisa limerudi kama lilivyokuwa.

Hapo ndipo penye fundo. Lilivyokuwa lini?

Askofu Maurice de Sully alianzisha ujenzi mwaka 1163. Kazi ya msingi ilichukua karibu karne mbili, na hata kabla haijakamilika mafundi walikuwa wameshabomoa baadhi ya madirisha ya babu zao ili kuyafanya makubwa zaidi, kwa kuwa ndani kulikuwa na giza. Mnara wa kwanza wa mshale ulichoka, ukateguliwa karne ya 18. Mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi, sanamu za wafalme wa Yuda zilizopangwa usoni mwa kanisa zilikatwa vichwa kwa kudhaniwa kuwa ni wafalme wa Ufaransa. Vichwa 21 vilikuja kuchimbuliwa mwaka 1977, na sasa viko katika makumbusho ya Cluny. Kisha, kati ya 1844 na 1864, mbunifu Eugène Viollet-le-Duc, mwanzoni akiwa na mwenzake Jean-Baptiste Lassus, alilikarabati jengo zima, akachonga upya wafalme, akaweka yale majitu ya mawe yanayochungulia mji kutoka juu, na kusimamisha mshale mpya uliokamilika mwaka 1859.

Kwa hiyo mshale ulioanguka tukidhani ni wa zama za kati ulikuwa na miaka 160 tu. Kilichokuwa kikongwe kwelikweli hakikuonekana na mpita njia: ni kenchi zilizokuwa chini ya paa, zenye mbao zilizokatwa tangu karne ya 12 na ya 13, nyingi mno hata zikapewa jina la msitu.

Ili kuelewa kwa nini msitu ule uliungua wote na kanisa bado likasimama, inabidi tujue jengo la Kigothiki, mtindo wa makanisa ya zama za kati, linafanyaje kazi. Tao la duara linasukuma kuta pembeni kwa nguvu. Ndiyo maana makanisa ya kabla yake yalikuwa na kuta nene na madirisha madogo. Tao lenye ncha juu linapeleka uzito chini zaidi. Mafundi wakajenga mbavu za mawe zinazokutana juu kama mbavu za mashua iliyopinduliwa, wakaziba katikati kwa mawe membamba, na msukumo uliobaki wakaupokea kwa nje kwa mikono ya mawe inayoegemea ukuta, mfano wa mtu aliyekaza mikono kuzuia ua lisianguke. Ukuta ukapata nafuu ya mzigo, nao wakaujaza vioo.

Matokeo yake, kila kitu kinamtegemea mwenzake. Juu ya dari la mawe kuna kenchi za mbao, na juu ya kenchi kuna paa la risasi ambalo kwa uzito wake linasaidia kuzibana kuta zitulie. Dari la mawe lina kazi nyingine ambayo wengi waliisahau hadi siku ile: ni ngao ya moto. Notre-Dame lilitobolewa matundu makubwa matatu na mshale na mbao zilizoanguka, lakini sehemu kubwa ya dari ilishikilia, na kilichokuwa chini kikaokoka. Baada ya moto, kazi ya kwanza haikuwa kujenga. Mikono 28 ya nje ilitegemezwa kwa viunzi vya mbao, kwa hofu kwamba ingeusukuma ukuta ndani kwa kuwa uzito wa juu umeondoka. Halafu kulikuwa na jukwaa la mabomba ya chuma lililozunguka mshale kwa ajili ya ukarabati uliokuwa ukiendelea: mabomba kama 40,000, tani 200, yaliyopindwa na joto na kushikana juu ya dari lililojeruhiwa. Mafundi wa kamba walining'inia wakiyakata kipande kwa kipande kuanzia Juni hadi Novemba 2020. Binafsi naona hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya ujasiri kuliko zote, na ndiyo inayosimuliwa kidogo kuliko zote.

Ndipo ukaja mjadala. Waziri Mkuu wa wakati ule alitangaza shindano la kimataifa la kubuni mshale mpya, na wasanifu wakafurika na michoro: wa kioo, wa miale ya mwanga, hata paa la kuwa shamba la mboga. Rais Emmanuel Macron naye alikuwa amesema kazi itaisha kwa miaka mitano na kudokeza kwamba anapenda kitu cha kisasa. Julai 2020, tume ya taifa ya urithi na usanifu ilipitisha uamuzi wa kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa kabla ya moto, mshale wa 1859 ukiwemo, na Rais akakubali. Hoja iliyokuwa nyuma ya uamuzi huo inatoka katika Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 kuhusu uhifadhi wa majengo ya kale: katika jengo la kihistoria, mchango halali wa kila zama unaheshimiwa, si ule wa kale zaidi pekee. Viollet-le-Duc naye keshakuwa historia.

Swali gumu zaidi lilikuwa la kenchi. Nani angejua kilichomo chini ya paa? Kwa nini usijenge kwa chuma au zege, ukamaliza mapema na kwa hofu ndogo ya moto?

Ufaransa yenyewe ilikuwa na mifano. Kanisa kuu la Chartres liliungua paa mwaka 1836, likapewa kenchi za chuma na paa la shaba nyekundu. Lile la Reims lilipigwa mizinga ya Wajerumani Septemba 1914. Mbunifu Henri Deneux akabuni kenchi za vipande vidogo vya zege lililoimarishwa kwa chuma, vinavyofungwa pamoja kama mbao. Na la Nantes liliwekewa zege baada ya moto wa 1972, na mwaka 2020 moto mwingine ulipowashwa ndani, kinanda kiliteketea lakini paa halikuguswa. Anayetetea zege ana ushahidi wake, tena mzuri.

Hata hivyo walichagua mwaloni. Bahati ilikuwa kwamba mwaka 2014 wasanifu wawili, Rémi Fromont na Cédric Trentesaux, walikuwa wamepanda juu na kupima kenchi zile moja moja na kuzichora. Mtafiti Andrew Tallon naye alikuwa amelipima kanisa kwa miale ya leza mwaka 2010, akakusanya zaidi ya nukta bilioni moja. Alifariki Novemba 2018, miezi michache kabla ya moto, bila kujua kazi yake itahitajika hivyo. Kwa hiyo msitu uliungua, lakini ramani yake ilikuwapo.

Mialoni kama 2,000 ilikatwa kutoka misitu ya serikali na ya watu binafsi kila pembe ya Ufaransa. Ya mshale ilianza kukatwa Machi 2021, kabla utomvu haujapanda. Katika msitu wa Bercé ilichaguliwa minane mikubwa kwa ajili ya kitako cha mshale. Kulikuwa na waliolalamika, wakisema si haki kukata miti ya miaka 200 kwa sababu ya fahari. Lalamiko lenyewe si la kupuuzwa, ila idadi ile ni sehemu ndogo sana ya mialoni inayovunwa nchini humo kila mwaka, na baadhi ya misitu hiyo ilipandwa na kutunzwa tangu karne ya 17 kwa ajili ya kujengea meli. Aliyepanda hakujua atakayevuna.

Mbao zilizoungua nazo zilizungumza. Watafiti waliosoma mabaki ya mkaa na kumbukumbu za vipimo waligundua kwamba sehemu kubwa ya kenchi za zamani haikutoka kwenye majitu ya porini, kama wengi tulivyodhani. Ilitoka kwenye mialoni myembamba, ya kipenyo cha sentimita 25 hadi 30, iliyokua ikibanana katika misitu iliyokuwa ikisimamiwa. Mti unaobanwa unakimbilia juu kutafuta jua, ukawa mrefu na mnyoofu. Anayekata mikoko kwa ajili ya boriti anaijua siri hiyo. Fundi wa karne ya 13 alichukua mti wa ukubwa uleule wa boriti aliyoitaka, hakupasua jiti kubwa na kutupa nusu.

Ndiyo sababu kenchi za ukumbi na za madhabahuni zilichongwa kwa shoka. Si maigizo ya watalii. Ukichonga mwaloni ungali mbichi, ukifuata nyuzi zake hata kama zinapinda kidogo, boriti inabaki na nguvu ya mti mzima. Msumeno unakata nyuzi, shoka linazifuata. Mashoka 60 yalifuliwa kwa mkono na wahunzi wa Alsace, na Septemba 2020 maseremala walichonga kenchi moja, namba 7, wakaisimamisha kwa kamba na mikono mbele ya kanisa, ili kuwaonyesha wenye mashaka kwamba inawezekana na kwamba haichukui milele. Kwa mshale walitumia mbao za kupasuliwa kwa msumeno, kwa sababu hata karne ya 19 ndivyo ulivyojengwa. Huo ni uaminifu wa kiwango cha juu, karibu wa kichekesho.

Tukisema ukarabati endelevu, wengi tunafikiria sola na rangi ya kijani. Katika jengo la miaka 860, uendelevu ni maswali ya kawaida zaidi: nyenzo imetoka umbali gani, imetumia moto kiasi gani kutengenezwa, na je, ikichoka, fundi wa baada ya miaka 200 ataweza kuitoa na kuweka nyingine bila kuvunja kilicho jirani? Mwaloni unafaulu mtihani huo. Jiwe nalo linafaulu: mawe mapya ya chokaa yalitoka kwenye machimbo ya Oise na Aisne, kaskazini mwa Paris, baada ya wanajiolojia kutafuta mwamba unaofanana na ule wa zamani kwa ugumu, rangi na jinsi unavyonyonya maji. Jiwe gumu kupita jirani yake ni adui, kwa kuwa maji yakizuiwa hapo yatamla mwenzake.

Na katikati ya mawe kuna chokaa, na hapa msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa. Nyumba za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa tanurini na boriti za mikoko. Chokaa inapumua: unyevu unaingia, unatoka. Inalegea kidogo ukuta unapotikisika, na inapochakaa inachakaa yenyewe, jiwe linabaki. Ukipiga lipu ya saruji juu ya ukuta kama huo, unafunga pumzi yake. Chumvi na maji vinakaa ndani, jiwe linageuka unga huku nje kukionekana kuzuri. Kosa hilo limefanywa Zanzibar, limefanywa pia katika makanisa mengi ya Ulaya karne ya 20, kwa nia njema kabisa. Na tulivyoona jumba la Beit al-Ajaib la hukohuko Zanzibar likiporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati, tunajua kwamba jengo la zamani linaweza kumgeuka hata anayelitibu.

Chuma ni hadithi ya pili ya namna hiyo. Moto ulipofunua kuta, watafiti waliona kwamba mafundi wa Notre-Dame walitumia mamia kwa mamia ya vibanio vya chuma kuunganisha mawe tangu miaka ya 1160, mapema kuliko ilivyodhaniwa kwa jengo la aina hiyo. Chuma kinapopata maji hushika kutu, kutu huvimba, jiwe hupasuka. Vile vilivyofunikwa vizuri vimedumu karne nane. Funzo la kiufundi ni dogo lakini la thamani: hatari haiko kwenye chuma, iko kwenye paa linalovuja.

Sasa risasi. Hapa ndipo mimi na waliolijenga upya tunapoachana njia kidogo.

Risasi, madini yaleyale ya betri za gari, ni nyenzo ya ajabu kwa paa: inakunjika, haishiki kutu, inadumu zaidi ya karne, na mabati yake ya zamani yanaweza kuyeyushwa na kutumika tena. Lakini ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Tani kama 400 zilikuwa juu ya paa lile na mshale wake, na sehemu yake ikawa vumbi lililotua ndani ya kanisa na mitaa ya jirani. Julai 2019 kazi ilisimamishwa kwa wiki kadhaa kwa sababu kinga za wafanyakazi hazikutosha, na shule za karibu zikafanyiwa usafi wa kuondoa vumbi. Baada ya hapo kila aliyeingia eneo la kazi alivua nguo zote, akavaa za kutupwa, na kuoga kila alipotoka. Ndani ya kanisa, vumbi liliondolewa kwa mashine za kuvuta na kwa kupaka utomvu wa mpira ukutani, ukikauka unabanduliwa na uchafu wake. Ndiyo maana mawe yanaonekana meupe hivi sasa, kiasi kwamba baadhi ya waliorudi walisema hawalitambui.

Halafu risasi ikarudishwa juu. Vyama vya wafanyakazi na vya kupinga sumu hiyo vililalamika, wasimamizi wakajibu kwamba paa jipya litakuwa na mfumo wa kunyunyizia ukungu wa maji moto ukitokea, kuta za kuzuia moto usivuke, na namna ya kuchuja maji ya mvua yanayotiririka. Hoja ya uhalisia naielewa: rangi ile ya kijivu ni sura ya Paris. Lakini Chartres limevaa shaba tangu karne ya 19 na hakuna anayelidharau. Ukiweza kukiri kwamba kila zama ina mchango wake, basi zama zetu zingeweza kuchangia paa lisilo na sumu.

Mabishano ya aina hiyo hayajaisha. Rais alitaka madirisha sita ya Viollet-le-Duc, ambayo moto haukuyagusa, yaondolewe katika vikanisa vya upande wa kusini na kuwekwa ya kisasa. Tume ileile ya urithi ilipinga mwaka 2024, na mpango ukaendelea, kazi ikikabidhiwa msanii Claire Tabouret. Kioo kilichookoka motoni kinaondolewa kwa amri. Nimejaribu kuitafutia mantiki, sijaipata.

Kuna jambo moja la fedha ambalo linanikera zaidi ya risasi. Kwa sheria ya 1905, makanisa makuu ya Ufaransa yaliyokuwapo wakati ule ni mali ya serikali. Kanisa linayatumia bila kuyamiliki. Kabla ya moto, Notre-Dame lilikuwa likimomonyoka waziwazi, mapambo yakidondoka na kuzibwa kwa mabomba ya plastiki na mbao, na mwaka 2017 likaanza kuomba msaada nje: mahitaji yalikadiriwa kuwa karibu euro milioni 150, wakati bajeti ya serikali kwa matengenezo ilikuwa euro milioni 2 hivi kwa mwaka. Kasi ya michango ilikuwa ya konokono. Baada ya moto, watu 340,000 kutoka nchi 150 walitoa euro milioni 846. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walishasema. Hapa ukuta ulijengwa kwa bei ya nyufa tano na zaidi.

Wenzao wa Strasbourg, mashariki mwa Ufaransa, na wa Cologne, Ujerumani, wana utaratibu mwingine. Strasbourg ina karakana ya kanisa tangu karne ya 13, na Cologne ina yake. Waashi, wachonga mawe, maseremala na mafundi vioo wameajiriwa mwaka hadi mwaka kwa jengo moja, wakibadilisha jiwe hili leo na lile kesho. Wenyeji wa Cologne wana msemo kwamba siku kanisa likikamilika, dunia itakwisha. Kwa hiyo jukwaa halishuki, na hakuna anayeona aibu. Mwaka 2020 UNESCO iliziweka karakana 18 za aina hiyo, za Ujerumani, Austria, Ufaransa, Norway na Uswisi, katika orodha yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi usioshikika. Angalia neno hilo: usioshikika. Walichokihifadhi ni mkono unaojua, kwa kuwa jiwe lenyewe watalibadilisha.

Paris ilizikusanya karakana zake kwa haraka, kampuni kama 250 na watu wapatao 2,000, na vijana wengi wakajifunza ufundi pale juu. Kazi yenyewe haijafungwa. Baada ya kufunguliwa, zilibaki euro milioni 140 hivi, na majukwaa yakahamia nje upande wa mashariki, kwenye mawe yaliyokuwa yakilia kabla ya moto.

Fundi mkuu wa kwanza wa Notre-Dame hatumjui jina. Juu ya mshale mpya yuko jogoo wa shaba iliyopakwa dhahabu, aliyepandishwa Desemba 2023. Yule wa zamani aliokotwa kwenye kifusi siku moja baada ya moto, amebonyea, na hakuweza kurudi juu. Tumboni mwa huyu mpya, pamoja na masalia matakatifu, kuna bomba lililozibwa lenye orodha ya majina ya watu karibu 2,000 waliofanya kazi pale: maseremala, waashi, wapandaji wa kamba, na waliokuwa wakifagia vumbi.